Mtaa wetu unakufa taratibu na kila mtu anajua kwanini, tuongee ukweli

Senene Mkavu (mleta mada):

Wakuu habari za jioni. Mimi ni mzee wa kanisa kwenye mtaa mmoja wa KKKT huku Kagera, sitautaja maana tunajuana na wengine mpo humu humu. Kwa wasio Walutheri, mtaa hapa siyo wa serikali, ni tawi la usharika, lina mwinjilisti wake na mchungaji anakuja kwa zamu kutoa Chakula cha Bwana.

Sasa huu mtaa unakwisha. Mabenchi ya nyuma hayakaliwi tena, kwaya ya vijana imebaki na mabinti wa sekondari na mpiga kinanda mmoja ambaye akipata harusi Jumamosi basi Jumapili hatumwoni. Mtoto akishapata kipaimara ndo kama kahitimu, anapigwa picha, mbuzi anachinjwa, wajomba wanatoa bahasha, halafu humwoni tena mpaka aje kufunga ndoa. Na kila tukikaa baraza la wazee dawa ni zile zile, tupaue upya, tununue spika, tualike kwaya ya mjini, tufanye harambee mgeni rasmi awe mheshimiwa fulani. Tumeyafanya. Spika tunazo, ibada inasikika mpaka ng'ambo ya bonde, na huko ng'ambo ya bonde ndo waliko watu wamelala.

Mimi nasema hivi na mniparue mkitaka: kanisa letu halifi kwa kukosa hela wala vipaji, linakufa kwa mambo ambayo wote tunayajua na hakuna anayeyasema. Fulani na fulani hawasalimiani mwaka wa ngapi sijui na wote wanashika sahani ya sadaka. Mchango wa bati uliisha hewani. Mwinjilisti anadai posho yake na tunamwombea badala ya kumlipa. Halafu tunashangaa kijana haji.

Nimekuwa nauliza wazee na kusoma habari za ule uamsho wa zamani, ule wa bibi zetu wa wimbo wa Tukutendereza Yesu, na kuna kitu walikifanya wao ambacho sisi hatukifanyi kabisa. Nakipandisha kwenye posti inayofuata, nyie endeleeni kuchangia.

Chai ya Rangi:

Nimeweka kambi hapa. Ila mkuu usije ukatuletea mahubiri, lete vitu.

Senene Mkavu:

Vitu hivi hapa.

Uamsho wa Afrika Mashariki watu wanadhani ulianza kwenye mkutano mkubwa na majukwaa, hapana. Kulikuwa na daktari Mwingereza, Joe Church, alifika hospitali ya misheni ya Gahini 1928, pale mashariki mwa Ruanda karibu na ziwa Muhazi. Akakutana na njaa kali, watu wanakufa, kazi imemlemea, na mwenyewe kiroho amekauka kabisa. Septemba 1929 akiwa Kampala, kwenye mlima Namirembe, akakutana na Mganda mmoja mfanyakazi wa idara ya afya anaitwa Simeoni Nsibambi. Wakakaa siku mbili na Biblia zao. Basi, watu wawili, mzungu na mwafrika, miaka ile ambayo mzungu alikuwa anaongea na wewe umesimama. Nsibambi baadae akaacha kazi akawa anahubiri tu. (Huyu ndiye baba yake Apolo Nsibambi aliyekuja kuwa waziri mkuu wa Uganda 1999 mpaka 2011, kwa wapenda siasa.)

Kumbuka kanisa la Uganda wakati huo halikuwa tupu. Lilikuwa limejaa, machifu wamebatizwa, shule ni za kanisa, kuwa Mkristo ndo njia ya kupata cheo. Na wale vijana wa Namugongo walikuwa wamechomwa moto 1886 tu, yaani kuna wazee walikuwa hai waliowafahamu, na tayari kanisa lilishapoa. Kwahiyo usiniambie tatizo ni dijitali sijui TikTok, kanisa linaweza kupoa hata bila umeme.

Pale Gahini moto ulianzia kwa wafanyakazi wa hospitali na walimu, watu waliokuwa wanagombana kila siku. Alikuwepo Yosiya Kinuka msaidizi wa hospitali, alikuwepo Blasio Kigozi mwalimu, mdogo wake Nsibambi. Mwisho wa 1933 wakafanya mkutano wa maombi, mmoja akaanza kuungama makosa yake mbele ya wenzake, mwingine akafuata, mwingine. Kigozi akafa kwa homa Januari 1936, kijana mbichi, lakini ujumbe aliokuwa ameuandaa kwa ajili ya sinodi ya kanisa la Uganda ukabaki, kwamba kanisa limelala liamke. Miaka hiyo timu zikaanza kutembea, Kabale kule Uganda, Kabete kule Kenya, na huku kwetu Bukoba mwishoni mwa miaka ya 30.

Sasa kitu chenyewe. Hawa watu wakiokoka walikuwa wanarudisha vitu. Vya hospitali, vya shule, vya mwajiri, vya jirani. Mtu anakuja na shuka aliyoiba anasema hii ni yenu. Madeni yanalipwa. Festo Kivengere, yule aliyekuja kuwa askofu wa Kigezi kule Uganda, alipookoka akiwa mwalimu kijana alipanda baiskeli maili kama 50 kwenda kwa mzungu mmoja aliyekuwa anamchukia, kumwambia nilikuchukia na nimeacha. Maili 50 za Kigezi, anayezijua zile milima anielewe. Hakutuma salamu kupitia mchungaji.

Walikuwa wanaita kutembea nuruni. Jambo linatajwa kwa jina lake, kwa mwenye nalo, na kinachorudishika kinarudishwa. Sisi tuna sala ya toba ya pamoja kila Jumapili, tunaisoma wote kwa sauti moja tena kwa mwendo mmoja, na hakuna bati lililowahi kurudi.

Mwananzengo:

Aisee hiyo ya bati nimecheka kama mjinga. Kumbe ni kila mahali.

Mnyaru Mstaarabu:

Mkuu heshima yako lakini nina swali na naomba usilikwepe. Umesema Gahini, Ruanda. Ruanda hiyo hiyo iliyokuja kufanya ya 1994? Nchi karibu yote imebatizwa, Wakatoliki, Waanglikana, Wasabato, watu wamekimbilia kanisani Ntarama na Nyamata wakauawa humo humo ndani. Nyange paroko mwenyewe alikuwa upande wa wauaji, kanisa likabomolewa kwa tingatinga waumini wakiwa ndani, kesi yake imeamuliwa hapo Arusha, rufaa 2008 ikampa kifungo cha maisha. Sasa uamsho ulisaidia nini? Mimi mama yangu ni wa upande huo na huwa nikisikia Tukutendereza mwili unanisisimka vibaya.

Senene Mkavu:

Swali zito na silikwepi. Pole kwa familia kwanza.

Jibu langu ni hili, linaweza lisikutoshe. Miaka hiyo hiyo ya 30 watu wakiungama Gahini, Wabelgiji ndo walikuwa wanagawa vitambulisho vyenye kabila, huyu Mhutu huyu Mtutsi huyu Mtwa. Kuungama kwamba umeiba shuka ni kazi lakini inawezekana, kuungama chuki ambayo serikali yenyewe imekuandikia kwenye kitambulisho, ambayo majirani zako wote wanayo na shuleni inafundishwa, hiyo ni ngumu mara mia maana huioni kama dhambi, unaiona kama jiografia. Uamsho ukiishia kwenye pombe na uzinzi na wizi mdogo mdogo unaacha dude kubwa limekaa sebuleni. Kwahiyo somo ninalolipata mimi siyo kwamba kuungama hakuna maana, ni kwamba inabidi kuende mpaka pale panapouma jamii nzima. Huku kwetu panapouma ni ardhi na koo. Bila kugusa hapo tunacheza.

Mnyaru Mstaarabu:

Sawa. Hujakwepa. Halijanitosha ila hujakwepa.

Ndugu wa Murang'a:

Niaje wasee. Hapa Kenya cucu (nyanya) yangu alikuwa kwa hao wandugu wa revival, wakipatana barabarani ni kuimba kwanza ndio wasalimiane. Wakati wa Mau Mau hao watu walikuwa na shida pande zote mbili, wengi walikataa kiapo wakisema wamekunywa damu ya Yesu hawawezi kunywa ingine, na serikali ya mkoloni ikiwapea bunduki wakawe home guard pia wakakataa. Wengine wakauawa. Watu wengine huwaita vibaraka mpaka leo, mimi sitaki kuingia hiyo stori, lakini hao hawakuwa wanaogopa kukaa peke yao.

Kuhusu harambee mleta mada umegusa penyewe. Sisi politician alikuwa anakuja na gunia ya pesa anapewa maikrofoni anatukana wenzake mbele ya altari. 2021 Askofu Mkuu wa ACK, kanisa la Anglikana, Jackson Ole Sapit akasema basi, mwanasiasa akija akae kwa benchi kama mwingine. Halafu Novemba 2024 Rais mwenyewe akatoa milioni 2.6 kwa kanisa la Katoliki la Soweto hapo Kayole na Archdiocese ya Nairobi ikasema zirudishwe. Vijana waliokuwa wameanza kusema kanisa ni tawi la serikali, hiyo siku walinyamaza kidogo. Pesa kurudishwa ilihubiri kuliko mahubiri.

Chai ya Rangi:

Hapo kwenye kurudisha hela bongo tungepata wazee wa kanisa wangapi wa kupiga hiyo kura? Tuwe wakweli.

Baridi Tupu:

Nachangia kutoka huku Ujerumani kwenye hilo la hela. Wakuu huku kanisa lina hela mpaka linachoka. Ukijiandikisha kuwa Mkristo serikali inakata kodi ya kanisa moja kwa moja kwenye mshahara, asilimia 8 au 9 ya ile kodi yako ya mapato inategemea uko jimbo gani. Wachungaji wanalipwa vizuri, kinanda kile cha mabomba kinalia mpaka unatetemeka, kuna joto ndani. Na watu wanaondoka. 2022 peke yake Wakatoliki zaidi ya laki 5 walienda kujiondoa rasmi, na Waprotestanti mamia ya maelfu vilevile. Kujiondoa ni unaenda ofisi ya serikali unasaini.

Mimi usharika ninaosali uko na urafiki na usharika mmoja huko Tanzania, wanatuma hela za kisima na nini, mzee mmoja akaniuliza mbona nyie mnaimba vile. Nikashindwa nimwambie nini. Na wale wamisionari wa Betheli waliofika Bukoba 1910 walitokea hapa hapa Bielefeld, leo huku ibada ya kawaida ya Jumapili ni sisi wageni na bibi wachache.

Kwahiyo senene, uko sahihi, ungekuwa ugonjwa wa hela huku wangeshapona.

Binti Mwinjilisti:

Naomba niharibu sherehe kidogo. Baba yangu ni mwinjilisti, nimekulia kwenye nyumba ya mtaa, najua ninachosema. Hii habari ya kuungama mbele za watu mnaisifia wanaume. Kwa mwanamke ni kitu kingine. Binti akipata mimba anatengwa, anakalishwa nje ya meza ya Bwana, siku ya kurudi kundini anaitwa mbele asimame kanisa zima limtazame, na kijana aliyempa hiyo mimba yuko kwenye besi anaimba. Nimeyaona kwa macho yangu, huyo dada alikuwa ananifundisha sandeskuli. Alirudi ile siku moja, hakurudi tena, na mimi hadi leo naona alikuwa na haki.

Na hao wa uamsho nao walikuja kuwa polisi wa wenzao. Uganda kulitokea kundi la ndani yao miaka ya 60 wanajiita walioamshwa tena, wakaanza kusema ukiwa na mkopo hujaokoka. Yaani watu walioanza kwa neema wakaishia na orodha. Sasa na wewe mzee wangu ukianzisha hiyo nuru yako hakikisha haimuliki upande mmoja.

Senene Mkavu:

Mwanangu nimekusoma mara mbili. Sikupingi hata neno.

Niongeze tu kwamba hata uongozi wa kanisa haukuwapokea hao watu kirahisi, 1941 chuo cha theolojia Mukono kilifukuza wanafunzi 26 akiwemo William Nagenda kisa wanaamka alfajiri kuomba na kuimba na kuwaambia walimu wao hawajaokoka. Kiburi kilikuwepo pia, tusiwafanye malaika. Ila kwa maoni yangu kuna tofauti kati ya kumsimamisha mtu mbele na yeye kwenda mwenyewe kwa aliyemkosea. Baiskeli ya Kivengere ilienda kwa mtu mmoja. Kile cha kumpanga binti mbele siyo toba, ni sisi tunajisikia safi kwa gharama yake. Mtaani kwetu nitalipeleka hili barazani na najua nani atanuna.

Kinyerezi Mwisho:

Mimi ni mmoja wa hao "vijana hawaji" mnaowaongelea. Mlutheri wa kipaimara kabisa, katekisimu ndogo niliimeza. Sa hivi nasali kwa nabii mmoja huku Dar. Ngoja nieleze kwanini kabla hamjaanza maji ya upako maji ya upako.

Nilipata ajali ya boda mguu ukavunjika, nikalala ndani miezi. Usharika wangu wana namba yangu ya bahasha, ya ahadi, ya jengo, ya mavuno, meseji za kukumbushwa nilipata zote, tena moja ilikuja niko wodini. Hakuna mtu aliyekuja. Jirani akaleta wenzake wa huko kwa nabii, wakapika uji, wakafua, mmoja akanilipia kodi ya chumba ya mwezi. Sasa wewe ungekuwa mimi ungeenda wapi? Mambo mengine ya huko mimi mwenyewe huwa nafumba macho, ile ya kuuza chumvi siinunui, lakini wale watu walinijua naumwa.

Mwananzengo:

Hii posti ibandikwe kwenye mlango wa kila ofisi ya usharika.

Mzee wa Jimbo:

Niseme neno la utetezi. Jumuiya za nyumba kwa nyumba zipo kwa ajili hiyo hiyo, kiongozi wa jumuiya ndiye mwenye jukumu la kujua nani anaumwa. Kijana ulikuwa unahudhuria jumuiya?

Kinyerezi Mwisho:

Nilikuwa nahudhuria shikamoo mzee. Inakaa saa kumi na mbili asubuhi Jumamosi, somo dakika kumi, michango dakika arobaini.

Mzee wa Jimbo:

Marahaba. Sina jibu.

Chai ya Rangi:

Haya senene umetupa historia, umetupa vidonda, sasa mtaani kwako umefanya nini? Au na wewe ni mzee wa kuandika nyuzi.

Senene Mkavu:

Haya, nilitaka nisiseme kwanza maana bado mbichi, lakini kwa kuwa mmeuliza.

Tulianza na hesabu. Mhazini wa sasa ni mwalimu mstaafu, mwanamke mkali, akaandika kwa mkono kwenye karatasi kubwa ya manila mapato yote na matumizi yote, mpaka soda za mgeni rasmi, akaibandika pembeni ya mlango. Pale kwenye bati akaandika "haijulikani" kwa wino mwekundu. Hakuandika jina la mtu. Kulikuwa na kelele barazani, mmoja akasema tunaaibisha kanisa, mwinjilisti akajibu kwa upole kwamba kanisa limeshaaibika, hii ni karatasi tu. Jumapili ile mnada wa sadaka baada ya ibada ulichelewa kuanza maana watu wamejazana mlangoni wanasoma. Vijana waliokuwa wanapita na boda wakasimama kusoma nao, na ibada imeisha jamani.

Bati hazijarudi. Ila kuna mtu, simtaji, alikuja kwa mhazini usiku na hela, siyo zote, akasema atamalizia kahawa ikiuzwa. Mhazini akampa risiti. Nimependa hilo la risiti kuliko yote, hakumkumbatia wala kumlilia, amemwandikia risiti na karatasi ya mlangoni ikabadilishwa tarakimu.

La pili ni wale wazee wawili wasiosalimiana. Ugomvi wa mpaka wa kibanja, mmoja alihamisha miramula, ile mimea ya kuonyesha mpaka, wakati baba wa mwenzie amelazwa, kila mtu anajua. Mchungaji aliwahi kuwaita ofisini wakapeana mikono wakatoka kila mmoja njia yake. Safari hii walioenda ni bibi watatu wale waliobaki wa felo (fellowship) ya zamani ya uamsho, wanaokutana Jumatano. Hawakwenda kuhubiri. Walienda kwa yule aliyehamisha, wakakaa, wakaomba maji ya kunywa, wakaimba ule wimbo wao, halafu mmoja akasema tumezeeka, tukifa nani atakuja kukuuliza kuhusu ile miramula? Wakanywa maji wakaondoka. Ilipita muda. Siku moja asubuhi mzee akaonekana na jembe anaing'oa mwenyewe na kuirudisha ilipokuwa, mjukuu wake anashika kamba. Mwenzie akaja akasimama upande wake wa mpaka, hajasema kitu, halafu akamwambia mjukuu shika kamba vizuri inapinda. Huo ndo ulikuwa msamaha, nyie mliotaka machozi poleni. Hawajawa marafiki. Wanasalimiana.

Watu kanisani wameongezeka kidogo, siyo sana, na sitaki kudanganya kwamba ni kwa ajili ya hayo, inaweza kuwa ni kwa sababu shule zimefunga.

Binti Mwinjilisti:

Na posho ya mwinjilisti je? Naulizia kwa niaba ya watoto wote wa wainjilisti nchini.

Senene Mkavu:

Hilo ndo gumu kuliko miramula. Limeandikwa kwenye karatasi kama deni, kwa jina, na kiasi. Baraza Jumapili hii lina ajenda mbili, hilo na lile la mabinti kusimamishwa mbele. Kuna ambaye ameshaniomba nisogeze ajenda ya kwanza mwishoni, nimekataa, maana zikikaa mwishoni ndo ule muda wa "tufunge kwa sala".

Kinyerezi Mwisho:

Mkuu mtaa wenu unapokea sadaka kwa simu? Siyo kwa ajili ya jengo. Ya mwinjilisti.

Senene Mkavu:

Njoo inboksi nikupe namba ya mhazini. Na risiti atakutumia, nakuhakikishia.